Nilipokishangilia Kimbunga

Abbeville, Louisiana,
4 Septemba.

Mpendwa Dada Odile,

Pokea salamu zangu huko Duluth. Hujambo? Shemeji Walter goti limepoa? Sisi tunapumua, umeme umerudi jana. Ila kuna jambo nilikuficha, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa jirani, Bi. Eunice.

Siku ya kimbunga ulipopiga simu nilikuambia niko na Baba. Sikuwa naye. Nilikuwa Texas, kule Beaumont, hotelini.

Kazi yangu ya kukadiria hasara za bima unaijua. Sisi wa kujitegemea tunalipwa kwa kila nyumba tunayokagua. Pasipo paa lililong'oka, hakuna senti. Kampuni ya bima ilituita tukisubirie Beaumont siku tano kabla upepo haujagusa nchi kavu. Ukikataa, jina linafutwa, mwaka mzima husikii simu. Chumba dola 94 kwa siku, siku saba, juu yangu. Mafuta na chakula, juu yangu. Jumla dola 988. Nimelipwa sufuri.

Baba aliniomba kwanza nimpigilie mbao madirishani. Nikamjibu, "Mzee, kinakwenda Texas hicho, wewe kunywa kahawa yako." Nilikuwa na haraka ya kuwahi chumba.

Ukumbini tulijaa mbele ya televisheni. Kila upepo ulipozidi tulishangilia kama watu wa mpira. Purvis, mwenzetu wa siku nyingi, akapaza sauti, "Njoo, mama, njoo! Nina mkopo wa gari!" Mhudumu aliyekuwa akikusanya vikombe akatuambia, "Na mimi nina mama yangu pwani, kunguru nyie." Tukacheka. Na mimi nilicheka. Mara mtangazaji akasema kimepata nguvu, kimegeukia mashariki, nikapiga makofi. Nilipiga makofi, Dada, kabla sijaona kuwa kinaelekea kwetu.

Barabara zikafungwa. Baba na Bi. Eunice walijifungia bafuni, wamejifunika godoro. Paa la jikoni limekwenda. Kioo cha dirisha kilimchana Baba mkono wa kulia. Ameshonwa, lakini vidole viwili bado havikunjiki. Kampuni nayo haina wateja upande wetu. Ilituambia turudi makwetu, asanteni kwa kusubiri.

Juzi wamenipigia tena. Kingine kinajikusanya, niende Florida mapema. Nikasema nitakuja mkinilipa kuanzia siku ninayotoka kwangu.

Binti wa simu akacheka. "Mjomba, wako mia wanaoitaka nafasi yako."

"Basi mwite wa kwanza."

Baba alisikia. "Ungekwenda tu," akasema. "Ada ya Celeste utalipa na nini?" Mkono wake umefungwa bendeji, yeye anawaza ada ya binti yangu.

Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikimkatia nyama sahanini ananishukuru kama mgeni. Nimeangalia nauli ya ndege kutoka kwako: dola 212 wiki hii. Nusu nitalipa mimi. Njoo umwone, kisha unigombeze mbele yake, labda naye atapata pa kuanzia.

Msalimie Walter na wale mapacha. Celeste anakubusu. Mungu awakinge na kila kinachotangazwa na kisichotangazwa.

Mimi nduguyo, nikupendaye hata nikikukosea,
Ulysse