Mzinga wa Samaki wa Mkwe Wangu

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Zéphirin ameng'oa tiyo la maji. Lile refu la plastiki, lililotoka barabarani mpaka robine, koki ile ya uani. Kweli, maji hayajapita humo tangu mwaka jana. Lakini mtu mwenye akili zake huliacha tiyo ardhini. Yeye kalichimbua lote, kalilaza uani, analipapasa kama mtu anayenunua mbuzi.

Mwadi, binti yangu, anasema mumewe anatengeneza mzinga. Mzinga! Wa kuvulia samaki. Atalijaza tiyo upepo kwa pampu ya baiskeli, afungue robine ghafla, na kamba yenye ndoano iruke mpaka katikati ya maji kule Koni, kwenye bwawa la umeme, bila kukodi mtumbwi. Nikamwuliza Mwadi kama mumewe ana homa.

Mwenyewe siwezi kumwuliza. Sisi watu wa Kasai, mkwe na mamwenu, yaani mama wa mkewe, hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Tangu nifiwe na mume wangu nikahamia hapa Shituru kwao, Zéphirin hukohoa kabla ya kupita uani, nami naingia chumbani. Namjua kwa kikohozi kuliko kwa uso.

Alhamisi, 11 Agosti

Wamejaribu. Nimeona yote kupitia pazia.

Octave wa jirani ndiye aliyeshika tiyo. Huyu alikuwa karani kiwandani, bado anavaa tai kila asubuhi ingawa hana pa kwenda. Zéphirin akapiga pampu mpaka jasho likamtoka, na baridi hii! Akafungua robine. Betri kuukuu ya radio, waliyoifunga kwenye kamba iwe uzito, ikatoka kwenye tiyo — ikaanguka mbele ya kuku. Kuku hakusogea hata. Aliidonoa.

Nimecheka mpaka nikaketi kitandani.

Jumamosi, 13 Agosti

Upepo unavuja kwenye robine. Ningewaambia mapema, kama ningeruhusiwa kusema naye. Mwadi kaja na tumbo lake mbele, miezi minane sasa, anazungukazunguka maneno.

— Mama, Zéphi anaomba ile kampira ya thermos yenu. Anasema iko muzuri, itafunga upepo.

— Umwambie thermos ni ya baba yako. Miye nakunywa chai ya moto. Yeye anywe upepo yake.

Thermos hiyo marehemu alipewa siku aliyostaafu. Katika vyote tulivyopewa na kazi ile, ndicho kitu pekee ambacho bado kinafanya kazi. Nikiutoa mpira wake, chai itapoa kabla ya saa tatu. Kisa? Samaki ambao hata hajawaona.

Jumapili, 14 Agosti

Kanisani Zéphirin alisimama wakati wa ushuhuda, akaomba waamini wauombee mzinga. Nikajifunika kitambaa usoni. Wote wakasema Amina. Watu hawa wanasema Amina hata kwa mafua.

Jumatano, 17 Agosti

Amekata mpira wa tairi la baiskeli, akaufunga kwenye robine. Mara tatu hakuna kitu. Mara ya nne betri ikaruka ukuta, ikatua kwenye kabeji za Octave. Mwadi akapiga makofi kama mtoto. Zéphirin akasimama pale, mdomo wazi, hajui afanye nini na mafanikio.

Sikatai samaki. Ni wiki ngapi sasa ugali wa bukari na majani ya sombe, sombe na bukari, na mwanangu anakula kwa watu wawili. Samaki ningekula hata na miiba yake. Ninachokataa ni upumbavu.

Maana jioni alijaribu namna ya kulibeba. Akaliweka tiyo begani. Nimeshaona wanaume wakibeba kitu begani namna ile, siku za uporaji, na hawakuwa wakienda kuvua. Nikamwambia Mwadi amwambie akate tiyo vipande viwili, au alikunje ndani ya mkeka. Akaenda, akarudi.

— Anasema akikata, upepo utatokea pale.

Basi. Mkaidi na kichwa chake.

Jumamosi, 20 Agosti

Niko Kamatanda, kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani. Nimekaa juu ya jiwe. Naandika nikisubiri.

Alfajiri waliondoka na baiskeli, yeye na Octave, kwenda Koni. Tiyo limefungwa kwenye fremu, mdomo mbele. Asubuhi bado mbichi Octave akarudi peke yake, anakimbia, bila tai. Askari wamemkamata Zéphirin. Na Octave aliwaambia nini? Kwamba hamjui, wamekutana tu njiani, yeye ni mtu wa ofisi. Nilimwambia neno moja ambalo siliandiki hapa.

Mwadi alitaka kwenda. Kwa tumbo lile! Nikamkalisha. Nikachukua thermos na daftari hili, kwa kuwa cheti chao cha ndoa nakitunza humu ndani. Nikatembea.

Nilimkuta ameketi vumbini, kifua wazi, mikono imefungwa kwa kamba yake mwenyewe ya kuvulia. Akaniona nakuja. Akafanya nini? Akakohoa, akanigeuzia mgongo! Heshima, mpaka hapo.

Sajini akaruka. Si mtu wa huku, anachanganya Kilingala na Kiswahili. Anakohoa nini huyu? Anampa nani ishara? Nikasema ni mkwe wangu. Akacheka: kwao mkwe anakaa na mama mkwe, wanakunywa pamoja. Huyu anakuficha uso, kwa hiyo hakujui, na wewe ni muongo. Nikatoa cheti. Akakisoma, akanirudishia. Akasema cheti kinasema mume ni nani, hakisemi tiyo ni la nini.

— Anaenda Koni, kwenye courant ya inchi yote, na bunduki ya hivi. Na huyu njo Mukasai.

Hapo nikaogopa kweli. Mwaka jana majirani zetu walipandishwa treni, wakafukuzwa kurudi Kasai, kwa jina lao la Kikasai tu, bila tiyo lolote.

Sajini ameamua hivi. Kamanda wake anarudi mchana. Mzinga urushe kamba mbele yake. Ikiruka, ni chombo cha samaki, twende zetu. Isiporuka, Zéphirin anapanda gari la jeshi. Na kazi hii ni ya watu wawili, mmoja pampu, mmoja kushika. Askari hawataki kuligusa. Sajini akaninyooshea kidole: mamake ashike.

Wakamfungua, tukajaribu kwanza. Nimesimama naye bega kwa bega. Ana mvi juu ya sikio, sikujua. Alipiga pampu, nikasikia upepo unatoka kwenye robine, fyuuu, kama mzee anayelala. Mpira wa tairi umepasuka. Akaukagua. Akasema akitazama chini:

— Mamwenu, munisamehe.

Neno la kwanza aliloniambia maishani. Nilikuwa na mengi ya kumjibu, ya wiki mbili nzima.

Nimefungua thermos. Chai nimempa sajini, anywe, asikae bure. Nimebandua mpira wa kifuniko kwa kucha zangu. Hapakuwa na Mwadi wa kuupeleka. Nikauweka kwenye kiganja chake, mimi mwenyewe, na nikamtazama usoni mpaka akanitazama.

Sasa anaufunga. Anafanya polepole, anaukandamiza kwa dole gumba. Vumbi la gari linaonekana barabarani, sajini anafunga vifungo vya shati lake. Kitu hiki nimekicheka mpaka nikaketi. Ee Mungu, kirushe.

Zéphirin ananiita. Hakukohoa. Nakwenda kushika tiyo.