Mama, Nilisema Uko Njiani

Mama yangu,

Tuko Tunduma sasa, mimi na Tumaini. Baada ya kukuzika kule Hasamba nilipata kazi ya kushona nguo karibu na mpaka, nikamhamishia mdogo wangu shule ya huku. Asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye foleni ya malori, mji ukawa mweupe na kimya, kama nao unaota na hautaki kuamshwa. Ungeupenda.

Chumba ndicho kilichotutesa. Tulibisha hodi nyumba saba. Mama mmoja alinitazama kuanzia miguuni, akasema, "Mimi napangisha watu wazima. Nyie wasichana, wiki ya pili tu uani kumejaa wanaume." Nikamwambia nina miaka ishirini na moja, na nina kazi. "Ndiyo hao hao," akasema, akafunga geti. Mwingine alitaka nirudi na mume. Njiani Tumaini akaniuliza, "Dada, mtu anatakiwa awe na miaka mingapi ndipo apewe chumba?"

Nyumba ya nane ilikuwa ya Bibi Nzunda. Alipouliza mkubwa wetu ni nani, mdomo wangu ukasema wenyewe: "Mama yupo njiani, anakuja."

Nisamehe. Tulipata chumba kwa jina lako.

Ili aamini kuwa unakuja, nilianza kufua kitenge chako kila Jumamosi na kukianika uani. Halafu, Mama, sijui nikuelezeje… nikawa naamini na mimi. Nikitoka kazini nikakiona kinapepea, miguu ilikimbia yenyewe. Nilipika ugali wa watu watatu. Bibi akiuliza, "Mama bado?" nilijibu, "Bado, Bibi," na moyo wangu ulitulia kabisa, kana kwamba basi lako limechelewa tu.

Jumapili moja baada ya ibada nilimkosa Tumaini. Nilimkuta stendi, anatazama watu wanaoshuka kwenye magari ya kutoka Mlowo, upande wa kwetu.

"Najua hayupo," aliniambia. "Naangalia tu."

Nilimshika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa Bibi Nzunda. Alikuwa anachambua maharage. Nilimwambia yote, nikijua tutafungasha vitu siku ile ile. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Nilishajua siku nyingi. Kitenge kinafuliwa kila wiki, mwenyewe havai. Nilikuwa nangoja uniambie." Akanisogezea kigoda. "Kaeni, wanangu. Ila mama yenu msimwache barabarani. Mwacheni afike."

Nililia pale pale, Mama, kilio ambacho msibani hakikutoka.

Basi umefika. Huna haja ya kutufuata wala kutuhangaikia. Pumzika huko uliko. Nami nakuahidi hili: Tumaini nitamlea kwa ukweli, hata pale ukweli utakapotufungia mlango.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Sekela