Ubao wa Macho Tulioukariri

Kibaha

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo dada yangu. Goti linasemaje? Na muhogo je, nguruwe pori wamekubakishia au wamevuna wao? Mimi nipo, nakula, na mdomo bado unafanya kazi. Simu yako haipatikani wiki ya pili sasa, na meseji zenyewe sizioni tena. Ndiyo maana nimechukua kalamu nene ya kuandikia maboksi. Mistari ikipanda kilima, we ifuate tu.

Nianze na habari yenyewe kabla sijaingia kwenye umbea. Macho yangu yanakufa, dada.

Ile mashine yangu ya kiwandani, ya kugandisha makoti ya mvua, haina sindano wala moto. Inagandisha plastiki kwa mawimbi ya umeme, yale yasiyoonekana. Ilikuja na bati mbele la kuyazuia. Tukalifungua wenyewe! Lilikuwa linatuziba tusione mshono, na msimamizi anataka makoti mengi. Miaka tisa nimeinama pale, uso shubiri moja na mashine. Nikisikia joto nasema alhamdulillahi, asubuhi za baridi nimepata pa kuota.

Sasa kila mwaka anakuja nesi kutupima. Anatundika ubao wenye alama kama vitana vya meno matatu, unamwambia meno yanaangalia wapi. Asiyeona anatolewa kwenye mashine, na akitolewa ndiyo basi, arudi kwao. Ubao ni uleule siku zote. Mimi na kiherehere changu nikautungia wimbo: kulia, chini, juu, juu, kushoto. Nikawafundisha kina mama wakati wa chai, tunaimba na viuno tunakata. Wote tukafaulu! Hata Mama Rehema wa mashine ya pili, ambaye alikuwa anatia chumvi kwenye chai akijua sukari, kasoma mpaka mstari wa mwisho. Nesi akamwambia, "Mama, una macho ya mwewe." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwezi uliopita mashine ikamshukia Mama Rehema mkononi. Hakuona vidole vyake viko wapi. Viwili viliungua mpaka ndani, wamevikata. Nilimpeleka mimi zahanati, yeye kanishika bega, mimi naupapasa mlango. Nesi wetu yuleyule wa ubao akauliza, "Si huyu alisoma ubao wote?"

Nikanyamaza. Mimi, dada! Nikanyamaza.

Nilipokwenda kumwona kwake hakunilaumu. Alisema tu, "Kile kiwimbo chako, Zuhura, mpaka leo hakinitoki kichwani."

Sikulala vizuri tena. Nikamfuata nesi. "Nipime bila ubao."

Akasema, "Haya, vidole vingapi?"

"Kwani umeshanyoosha?"

Nikacheka peke yangu. Akanimulika na tochi, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikamuuliza kama ni mashine. Akasema inawezekana, hawezi kuapa, lakini bati lirudishwe leo hii. Hapo nikamwambia yote, mpaka wimbo. Akaleta ubao mwingine. Wenzangu wawili wametolewa pamoja na mimi, na mmoja kaniambia, "Umeshiba wewe, sisi bado tuna njaa." Hanisalimii. Bati limerudi kwenye baadhi ya mashine, nyingine bado.

Mwisho wa mwezi, tarehe ishirini na nane, wananipasua, jicho la kulia kwanza. Wanataka ndugu wa kunishika mkono. Njoo wewe, dada, siku moja kabla. Huku wote wananijua mchekeshaji, sina wa kumwambia kwamba naogopa.

Msalimie sana shemeji, mwambie kofia yake nimeshaishona, ila asiikague mishono. Mpe pole shangazi kwa mbuzi wake. Jirani wa kisimani mwambie umbea wake ninao, nautunza.

Ukitoka Mzenga panda bodaboda mpaka Mlandizi, hapo ushike gari la Kibaha. Nitakuwa stendi kwenye wauza machungwa, nimevaa kanga ile uliyonipa. Nikikutazama usoni nisicheke, usinune. Na usinipungie mkono, dada. Niite.

Mdogo wako,
Zuhura