Wazee Waliozaliwa Tarehe Thelathini Novemba

Baba yangu uliyelala Soy,

Nimechoka, na ndiyo maana nakuandikia. Ungekuwa hai ningekuja nikae karibu nawe nje ya jiko, nikwambie kwa mdomo, nawe ungenisikiliza bila kunikatiza kama kawaida yako. Sikufanya hivyo ulipokuwapo. Kwa miaka mitatu nilikuja nyumbani karibu kila mwisho wa mwezi, nikala, nikaosha vyombo na Mama, nikarudi Eldoret na jambo langu bado liko tumboni.

Wacha nianze na kadi yako. Unakumbuka ulivyotusimulia siku ulipoandikwa kazi katika kiwanda cha magunia? Karani alikuuliza umezaliwa lini, ukamwambia mwaka wa pili baada ya nzige, wimbi likivunwa. Akaandika thelathini na tatu. Akauliza siku na mwezi. Ukamjibu, "Hiyo uliza mama yangu, mimi nilikuwa mdogo." Ulicheka kila ulipofika hapo, na sisi watoto tulicheka ingawa tulikuwa tumeisikia mara kumi. Karani hakucheka. Mahali pa siku aliweka sifuri mbili, mahali pa mwezi sifuri mbili, kama alivyowafanyia wazee wengi wa rika lako. Na pale masijala walikuwa na desturi yao: mtu wa sifuri alihesabiwa kuwa amezaliwa siku ya mwisho ya mwaka, ili asije akatolewa kazini kabla ya wakati wake. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Waliijua tu.

Mimi sikuijua. Niliporudi kutoka Nairobi na cheti changu cha kompyuta, ni wewe uliyetembea nami asubuhi ya kwanza kutoka chumba chetu cha Huruma, mjini Eldoret, hadi kiwandani. Ulikuwa fundi wa mitambo ya kufuma, mafuta hayakukutoka kwenye kucha hata Jumapili. Ukamwambia askari wa lango, "Huyu ni wangu. Atakaa na ile mashine ya ofisi." Mzee Kamau alikuwa kando yako, rafiki yako tangu mlipoajiriwa wiki moja, uliyekula naye mchana kwa sufuria moja miaka yote ile. Akasema, "Haya, Kibet, sasa tutakuwa tunaomba likizo kwa huyu mtoto?" Mlicheka wote wawili mpaka askari akawaambia mpishe njia.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Meneja alitaka orodha ya wote waliofika miaka hamsini na mitano, umri wa kustaafu. Kadi zilikuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta, na safu ya tarehe ya kuzaliwa ilikuwa na tarakimu sita: siku, mwezi, mwaka. Lakini kwa mashine zile tarakimu zilikuwa maandishi tu, kama jina la mtu. Huwezi kuiuliza kati ya andiko hili na lile imepita miaka mingapi. Ilibidi niandike programu ya kuyakata maandishi mawili mawili, kisha kuyajenga upya yawe tarehe ya kweli, inayoweza kujumlishwa na kutolewa.

Mara ya kwanza niliifanya vizuri. Programu ikikutana na sifuri ilisimama na kusema hakuna tarehe kama hii. Ikasimama mara nyingi mno. Meneja alikuja nyuma ya kiti changu. "Jeptoo, hii kitu itaisha lini? Wakubwa Nairobi wananingoja mimi, si wewe." Nikaondoa ule ukaguzi. Mistari miwili tu. Programu ikapita bila kusimama, na nilifurahi, Baba, sitakudanganya. Sikujiuliza mashine imezipeleka wapi zile sifuri.

Ilizirudisha nyuma. Mwezi wa sifuri ni ule unaotangulia Januari, yaani Desemba ya mwaka uliopita. Siku ya sifuri ni ile inayotangulia tarehe mosi, yaani siku ya mwisho ya Novemba. Kwa hiyo wewe wa mwaka wa thelathini na tatu ukawa umezaliwa tarehe thelathini Novemba, mwaka wa thelathini na mbili. Masijala wangekuacha hadi mwisho wa Desemba. Kwa mashine yangu ulikuwa umeshapitisha muda, tena kwa miezi kadhaa.

Nililiona jina lako kwenye orodha. Nikapiga hesabu kichwani: themanini na nane toa thelathini na tatu. Hamsini na tano. Nikasema, kumbe Baba amefika. Waliokwisha kupitisha muda walikuwa wawili tu, wewe na mfagiaji mmoja aliyefariki mwaka uliotangulia, kadi yake haijafungwa. Nikaitia karatasi kwenye bahasha.

Wakati ule ndio ulioharibu kila kitu. Mlolongo, ule uchaguzi wa kupiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, ulikuwa umepita wiki chache tu. Ulisimama Huruma nyuma ya yule mwalimu aliyegombea dhidi ya mtu wa wakubwa, foleni fupi ya watu wasiofika hata mlango wa kanisa, na foleni ndefu ilikuwa mbele yenu, kila mtu akiona kila mtu. Mzee Kamau alikuwa kule kwenye ndefu. Alikupigia kelele, "Kibet, njoo huku kuna kivuli." Ukamjibu, "Kivuli chenu kimejaa." Watu wakacheka, ingawa kulikuwa na mtu akipita na daftari, akiandika sijui nini.

Barua ilikufikia Alhamisi. Ijumaa ukatoka langoni na ovaroli chini ya kwapa. Wenzako waliostaafu mbele yako walipewa blanketi, wakapigwa picha na meneja. Wewe ulibakisha miezi tisa, na hakuna aliyekuja hata kukushika mkono, kwa maana watu walikuwa wameanza kuogopa kuonekana na wewe. Ulikaa kitandani pale Huruma, viatu bado miguuni. Ukaniambia, "Wamenitoa kwa sababu ya foleni. Kuna mtu amepeleka jina langu. Na mtu aliyeniona vizuri ni Kamau." Nilikubishia kidogo. Nilimpenda Mzee Kamau. Lakini hata mimi, niliyeliona jina lako kwenye orodha, siku ile niliamini ni foleni, kwa kuwa wengine walistaafu kwa blanketi na picha, si kwa barua ya siku moja.

Nilijua ukweli mwezi wa sita. Nilikuwa nikitayarisha orodha ya mwaka unaofuata, na safari hii nikachapisha tarehe zenyewe kando ya majina. Ukatoka ukurasa mzima wa wazee, na wote walizaliwa tarehe thelathini Novemba. Wa Soy, wa Kiambu, wa Kakamega, wote siku moja. Nilicheka kwanza. Kisha nikalitafuta jina lako. Nilishuka masijala kumuuliza mama wa pale, naye akanieleza ile desturi kama mtu anayemweleza mtoto namna ya kufunga mlango. "Sifuri ni Desemba mwisho. Kwani hukuambiwa?"

Nikatengeneza programu siku hiyo hiyo. Wale wazee wengine hawakuguswa, na hawakujua kamwe kwamba walikuwa karibu kuguswa. Kisha nikaenda kwa meneja nimwambie kuhusu wewe. Nilibisha hodi, nikaingia, akainua macho. Nikaomba boksi ya karatasi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nimezoea kujiambia kwamba ni kwa ajili yako, kwa sababu ulikuwa umeshaishikilia hadithi ya foleni, na pale Soy ulikorudi watu walikusalimia kwa heshima ya chini chini, kama mtu aliyelipa kwa kusimama alipotaka. Ningekwambia nini? Kwamba hukuonewa na wakubwa wala na rafiki, ulitolewa na mistari miwili ya binti yako? Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kazi yangu kwanza. Wewe ulikuja wa pili. Inachosha kuwa na jambo kama hilo. Huamki nalo kila siku, lakini kila unapoketi kupumzika liko pale.

Mzee Kamau alikuja Soy mara mbili. Mara ya pili mimi nilikuwapo. Alileta sukari na majani ya chai, akauliza kama upo. Mama akasema umekwenda shambani, kama ulivyomwagiza. Ulikuwa nyuma ya ghala, Baba, nilikuona ukiwa umeshika nguzo. Nikaipokea ile sukari kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani. Tukazungumza habari za mvua. Hakurudi tena hadi siku tuliyokuzika, na siku hiyo alisimama kando ya ua, akaondoka kabla ya chakula.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake Kapsoya. Amezeeka, macho yanamsumbua. Nilimweleza yote, sifuri, Novemba, ile orodha, boksi ya karatasi. Nilifikiri nitamwondolea mzigo wa kusingiziwa. Akasema, "Lakini mimi nilijua ni mimi."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba siku ya pili baada ya mlolongo alikuwa hotelini akinywa chai, akataja jina lako kwa mzaha, kwamba Kibet kichwa ngumu ameenda na mwalimu. Meza ya karibu aliketi mtu wa ofisi ya kiwanda. Wiki chache baadaye ukatolewa. "Sikutaka ubaya, ni mdomo tu. Nilikuja kwenu mara mbili nimwombe msamaha. Mara mbili nikaambiwa hayuko. Nikajua amenikataa, na nikaona ni haki yake."

Miaka mitatu, Baba. Wewe nyuma ya ghala ukimlaumu, yeye njiani akijilaumu, na mimi katikati yenu nikiwa na jibu.

Kisha akauliza polepole, "Siku ile ukichukua sukari yangu, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilijua.

Hakunifokea. Alitazama mlango tu, na mkewe aliyekuwa ameteleka maji akayaepua jikoni. Nilitoka katika nyumba ile bila kupewa chai, mimi ambaye nimenywea pale tangu sijajua kushika kikombe.

Kwa hiyo nimekuandikia, ili nawe ujue kama yeye, ingawa umechelewa kuambiwa. Kamau hakukusaliti. Alikuwa akikutafuta. Mungu akikukutanisha naye, mpishe akae karibu nawe, na mimi msinizungumzie kwanza.

Lala, Baba.

Ni mimi binti yako, niliyekutoa kazini.