Koti la Opendi

Auma wee, kaa chini kwanza. Loy wetu leo nusura afe kwa mshtuko.

Unamjua shemeji yake, Opendi, yule mlinzi wa tajiri mmoja hapa Malaba? Mchana amekuja kunywa malwa, pombe yetu ya ulezi. Si unajua kwetu mgeni hakai kwenye chungu cha pombe na koti lake, mwenye nyumba analipokea? Loy akalipokea. Zito! Akadhani mfukoni mna spana. Akalitundika msumarini, juu ya mkeka anapolala mtoto wake.

Kumbe ni bunduki, Auma! BUNDUKI! Ile fupi ya kukunja kitako, inayofichika kwapani.

Msumari ukang'oka, koti likaanguka. Paa! Yenyewe! Hakuna aliyeigusa!

Wazee waliokuwa wakinywa naye wakatupa mirija wakakimbia, chungu kikapinduka, malwa yote chini. Na Opendi anasema nini? "Hizi ndivyo zilivyo. Ikigonga chini, chuma cha ndani kinaruka nyuma, kikirudi inapiga bila kidole."

Ndivyo zilivyo! Yaani alijua! Alijua, na akampa Loy koti bila kusema neno!

Loy? Alikuwa anaangalia mkeka. Tundu, Auma. Pale pale mtoto anapoweka kichwa.

Mtoto ni mzima. Alikuwa amekojoa hapo mkekani, ndiyo maana Loy alikuwa amemtoa nje kumwosha. Na akamchapa, kwa hasira.

Sasa amemkumbatia, hataki mtu amguse. Anambusu pale alipomchapa, anamwambia, "Kojoa, mwanangu. Wewe kojoa tu."