Nyoka Msafi Uliyeniuzia

Juu ya duka la vifungo,
Mlango wa kijani,
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Barafu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko na mafriji yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameshazoea shule mpya, au bado analia kila asubuhi kama wewe ulivyokuwa ukilia? Sisi huku hatujambo. Shangazi magoti yanamsumbua lakini mdomo mzima, akipanda ngazi husimama kila kipandio aseme neno. Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa maji ya moto na sabuni. Sababu yake utaisoma.

Na koti je, linakukinga na baridi? Nililitia bitana mbili mgongoni, maana wewe ukipigwa baridi ya mgongo unakohoa mwezi mzima. Nakuuliza kwa moyo safi. Hilo neno "safi" liweke pembeni, tutalirudia.

Najua umepiga simu mara nyingi. Sikuwa na kazi nyingi, wala simu haikuharibika. Niliiacha ilie. Kwenye simu ningekutukana, wewe ungecheka, mimi ningecheka, na mambo yangeishia hapo kama kawaida yetu. Safari hii sitaki yaishie hapo.

Nyoka wako hajambo. Naanza na huyo kwa sababu hukumuuliza. Ujumbe wako wa wiki iliyopita ulikuwa na maneno matatu: "Dada, Mkanda anakula?" Basi. Mtu amemwacha nyoka wake kwa dada yake miezi miwili, wake hamuulizi, anamuulizia wa mwenzake! Nilimwonyesha Shangazi, ambaye kwake nyoka wote ni balaa moja, akavua miwani akasema, "Huyu anajua alichokifanya." Nami nilikuwa tayari najua kwamba unajua.

Twende pole pole, nisije nikararua karatasi.

Jumamosi ile uliyomleta, ulikuwa na haraka ya safari, begi mgongoni, tikiti mfukoni. Tulipatana tubadilishane nyoka kwa koti, na koti lilikuwa tayari limepigwa pasi. Ulimtoa kwenye mfuko, ukamweka mezani katikati ya majoho meusi niliyokuwa nashonea wahitimu wa chuo, ukasema jina lake ni Msafi. Nikauliza kwa nini Msafi. Ukasema, "Huyu anapenda maji, dada. Kutwa yuko kwenye bakuli anaoga. Ni msafi kuliko wewe." Tulicheka! Mimi nilicheka mpaka nikajichoma na pini. Kumbe nilikuwa navishwa kilemba cha ukoka, na kilinikaa vizuri.

Halafu nikakuuliza kuhusu chumba cha nje. Usijifanye umesahau. Nilikwambia, ngoja nikafagie chumba cha nje, mgeni alale huko siku arobaini kama Baba alivyotufundisha. Miaka yote Baba aliyotunza nyoka pale bustani ya wanyama, hakuna mgeni aliyepita mlangoni bila siku arobaini zake, mkubwa kwa mdogo, hata akiletwa na mkurugenzi mwenyewe. Unakumbuka alivyokuwa akisema: siku za mwizi ni arobaini, na za utitiri hivyo hivyo, wakiwemo watajitokeza tu. Tulikuwa watoto, tukidhani ni mzaha wa wazee.

Na wewe ulinijibu nini? Ulisema, "Karantini ya nini? Huyu si mgeni, ametoka kwangu." Ukacheka tena, ukalivaa koti, ukaenda zako. Nikaona aibu, nikajiona namdhania mabaya ndugu yangu wa tumbo moja. Sanduku lake la kioo nikaliweka sebuleni, bega kwa bega na la Mkanda, na mikono ile ile niliyomshikia Msafi ndiyo niliyomshikia Mkanda. Nimefuga nyoka tangu nina miaka tisa, kosa hilo sikuwa nimewahi kulifanya. Kwa mtu mwingine yeyote nisingelifanya.

Siku ya tisa niliona vidoti vyeusi kwenye bakuli la Msafi. Unajua nilidhani ni nini? Vumbi la majoho. Kitambaa kile kilikuwa kinatoa nyuzi, nyumba nzima ilikuwa nyeusi, hata sukari. Nikamwaga maji, nikasuuza, nikaweka mengine. Kesho yake vimo tena. Nikavimwaga tena, huku nikiilaani ile kampuni ya vitambaa ambayo haikuwa na kosa lolote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi wa nguo nikakitazama kikinila nikakiita uzi.

Kilichonifumbua macho ni Mkanda. Mkanda hapendi maji. Miaka ishirini na miwili, tangu Baba alipokuwa akimzungushia kiunoni juu ya suruali akienda kununua gazeti, hajaoga kwa hiari yake. Asubuhi moja, siku ya kumi na saba, niliamka nikamkuta kajikunja ndani ya bakuli lake dogo, mwili ule wote, kichwa tu kiko juu. Nilichana kipande cheupe cha bitana, nikamfuta kuanzia shingoni kwenda chini. Kitambaa kilirudi na vidoti vyeusi, na vidoti vilikuwa vinatembea.

Nilimtazama machoni. Kuzunguka kila jicho palikuwa na pete nyeusi ya vidudu, wamejipanga chini ya ukingo wa gamba, wamenenepa kwa damu yake. Nilikaa sakafuni.

Niliwatia wote wawili kwenye mifuko ya mito, nikaenda kwa daktari wa mifugo, yule mwenye kliniki nyuma ya kituo cha mafuta. Alimtoa Msafi kwanza, akaangalia lile kovu la mkiani, akaniuliza, "Huyu si wa yule fundi friji?" Nikasema ndiyo, ni mdogo wangu, kasafiri. Akafungua daftari lake, akanionyesha. Ulikuwa umempeleka wiki tatu kabla ya safari. Alikupa dawa ya kupuliza, akakwambia utupe maranda yote anayolalia, na akakukataza kumhamishia kwenye nyumba yenye nyoka mwingine mpaka apone kabisa. Ukaitikia, akasema. Ukaitikia na kushukuru.

Nikamuuliza, mbona anapenda sana maji? Nadhani nilikuwa bado natafuta mlango wa kukutolea. Akaniambia nyoka mwenye utitiri huingia majini ili awazamishe, kwa sababu hana mikono ya kujikuna.

Hiyo ndiyo maana ya Msafi. Mnyama alikuwa anateseka, wewe ukayageuza mateso yake kuwa jina, ukaniuzia. Na ulikuwa unajua. Laiti ungekuwa hujui, mdogo wangu, ningekusamehe kabla ya kufika nyumbani.

Tangu siku ile sikushona kitu cha maana. Nilitupa maranda, nikachoma yale magogo ya kupandia, nikasugua masanduku kwa maji yanayochemka, kila pembe, kila ufa, maana mayai ya utitiri hujificha humo na kuanguliwa ukishajipongeza. Nikawalaza juu ya karatasi nyeupe tupu. Nikawapulizia dawa kwa kipimo cha daktari. Nikawaogesha maji ya uvuguvugu, mmoja mmoja, nimekaa pembeni ya beseni. Kila asubuhi nilimfuta kila mmoja kwa kipande kipya cha bitana nikahesabu vidoti. Shangazi, ambaye hakuwa amewahi kuvuka kizingiti cha sebule kwa sababu ya nyoka, alivuka. Alikuja na miwani yake akakaa mbali, kazi yake kunihesabia kwa sauti. Alikuwa akisema yeye hapendi nyoka, anapenda hesabu tu.

Msafi alipona. Ni kijana, ana damu ya kutosha. Wiki ya nne kitambaa chake kilitoka cheupe, wiki ya tano vilevile, na Jumanne iliyopita amejivua gamba zima bila kuchanika hata mahali pamoja. Bakuli haligusi ila kwa kunywa. Sasa ndiyo jina limemfaa.

Mkanda alikuwa mzee. Alikuwa amenyonywa sana kabla sijajua, na sikujua kwa sababu ndugu yangu aliniambia nisiwe na wasiwasi. Kitambaa chake nacho kilianza kutoka cheupe, usifikiri dawa haikufanya kazi. Mwili ndio ulikuwa umechoka. Alikataa panya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari alijaribu kumpa chakula kwa mrija. Mwishoni alikuwa mwepesi kama soksi.

Basi jibu la swali lako ni hili: Mkanda hali tena. Alikufa Alhamisi ya wiki iliyopita, mchana, nikiwa natia uzi kwenye sindano. Nilimzika uani karibu na bomba, na Shangazi alishika jembe upande mmoja kwa magoti yale yale. Nilimfunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye koti lako. Sikukusudia jambo, ndicho kilichokuwa karibu. Lakini ukilivaa leo, ujue.

Nimejiuliza sana kwa nini. Kazi ilikuita ghafla, hilo najua. Uliogopa nikijua nitamkataa, na wewe ungemwacha kwa nani? Lakini hapo ndipo roho inaponiuma, Bwana Barafu, kuliko hata kifo cha Mkanda. Ningemchukua! Ungeniambia, "Dada, nyoka wangu ana utitiri na mimi naondoka kesho," ningekuita mzembe, ningekutupia mkasi, kisha ningemchukua. Ningefagia chumba cha nje, ningenunua dawa, angelala huko siku zake arobaini, na saa hii nyoka wote wawili wangekuwa wazima sebuleni kwangu. Uongo wako haukukuokolea chochote. Ulikuwa na dada, ukanifanya mteja.

Nisikufiche, nakukumbuka. Wiki zote hizi nimekuwa na hasira na wewe, na mtu niliyetaka kumweleza hasira hizo ni wewe. Baba angetugombeza na kutupatanisha kabla ya chakula cha mchana. Sasa hatuna Baba, na hatuna Mkanda, aliyebaki kutuunganisha ni huyo huyo Msafi. Nitamtunza. Yeye hana kosa. Alijitahidi kuniambia kila siku ndani ya lile bakuli, mimi ndiye ambaye sikusikia.

Shangazi anakusalimu. Anasema uvae soksi, na anasema neno jingine ambalo siliandiki. Shemeji yako anakusalimu, na feni uliyomtengenezea bado inazunguka. Nisalimie wifi yangu mpenzi, mwambie kitambaa cha mapazia yake nimekipata, rangi ile ile. Mbusu mtoto kwa ajili yangu. Mungu awalinde na baridi, awape riziki ya halali, na akupe wewe ulimi unaosema kabla haijawa lazima.

Nimebakiza moja. Ulisema unakuja likizo mwezi ujao, na ukaomba chumba chako kile cha karibu na sebule. Njoo. Nyumba ni yako, sikufungii mlango. Ila chumba cha nje nimeshakifagia. Nimesugua pembe zote, nimeweka kitanda cha chuma na bakuli la maji, na nimetandika shuka nyeupe pe, ili kila asubuhi nije nitazame kilichojitokeza. Utalala humo siku arobaini. Najua likizo yako ni ya siku ishirini. Hizo zilizobaki utakuja kuzimalizia likizo nyingine.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo,

Mama Sindano