Pale Tusipopanda Viazi

Mama Kamau,

Usishtuke ukisikia kwamba mumeo amekuwa mchoraji mkubwa wa majengo huku Kanada. Kamau hawezi kutuma ramani yoyote kabla sijaipitisha mimi. Waambie wale wazee wa Dundori wanaopenda kukumbusha watu kwamba niliishia darasa la nne.

Salamu nyingi kwako. Mguu wako unasemaje? Na yule ng'ombe mwekundu, bado anakupiga teke ukimkamua, au alikuwa ananitafuta mimi? Mimi ni mzima. Baridi imejaribu kuniingia ikakosa njia, maana mke wa Kamau amenivalisha nguo juu ya nguo mpaka nikianguka kwenye barafu naviringika tu kama kabeji. Mjukuu ananicheka. Ana meno mawili na anayatumia yote.

Sasa, najua tayari umekunja mdomo. Sawa, nimekudanganya. Kazi yangu ni kubonyeza kitufe kimoja, kile cha kufuta. Lakini usicheke bado, kwa sababu ni hicho kitufe kimenifanya nikuandikie.

Wacha nikueleze polepole. Unajua ile nyumba ya mawe Kamau anataka kutujengea hapo nyumbani. Anaichora Jumamosi akipumzika kazi ya ofisi. Ndani ya kompyuta nyumba ni moja, lakini picha zake ni nyingi: ya kutoka juu, ya mbele, ya ubavuni, nyingine imekatwa katikati kama mkate ili uone ndani. Zile nzuri anazipanga kwenye karatasi za kupewa fundi. Nyingine alizifungua tu achungulie kitu, akazisahau humo. Zikijaa, faili inakuwa nzito, inatembea kama mimi nikipanda mlima na gunia. Kwa hivyo kabla ya kutuma ramani kwa fundi, picha ambazo haziko kwenye karatasi yoyote zinafutwa.

Mimi nilikuwa na picha yangu. Siku moja Kamau aliniona nimechoka kuangalia dirisha, akanitolea moja ya shamba letu lote kutoka juu, akaiandika GUKA kwa kuwa sasa mimi ni babu, akanionyesha namna ya kuweka maneno. "Cheza hapo, Baba, huwezi kuharibu." Niliuona mlango wa zizi, nikaiona fensi ya miiba ya kayaba, na chini ya kayaba nikaona ile sehemu ya nyasi ambapo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu hatujapanda viazi. Kamau alipoenda kumbembeleza mtoto, nikaandika hapo kwa kidole kimoja: MSICHIMBE HAPA. Nikafurahi sana. Nilidhani nikiandika kwa picha moja, maneno yanaonekana kwa zote, na fundi wetu, Njoroge ndugu yako, akipewa ramani atayasoma kama agizo la ofisi. Nilijiambia, nimemlinda msichana wetu, na sijafungua mdomo.

Jumamosi iliyopita tukakaa kusafisha. Kamau anasoma jina, mimi nabonyeza. "Hii ya jikoni ya zamani, futa." Nafuta. "Hii hata sijui nilikuwa nataka nini, futa." Nafuta. Nilikuwa najiona mkubwa. Halafu akasema, "Hii ya GUKA haiko kwenye karatasi yoyote. Si ni ile ulikuwa unachezea?"

Nikasema, "Ni hiyo. Iache tu."

"Ya nini, Baba? Haitumiki."

"Na ikifutwa, nyumba haiharibiki?"

"Nyumba inabaki yote. Ni maneno tu ya hiyo picha yanaenda nayo. Kwani uliandika nini?"

Mama Kamau, hapo ndipo ningesema. Mtoto wetu ananiangalia na kikombe mkononi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na hajui kwamba yeye si mzaliwa wetu wa kwanza. Nikakumbuka ulivyoniambia asubuhi ile tukimlaza msichana wetu udongoni, sisi wawili tu na jembe, kwamba tusije tukawabebesha watoto watakaofuata huzuni hiyo. Nikasema, "Niliandika upuzi." Nikabonyeza. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena.

Kisha akanifungulia karatasi iliyomalizika nione kazi nzuri tuliyofanya. Chini ya kayaba kulikuwa na duara.

"Na hii?"

"Shimo la choo, Baba. Nimelipeleka pale penye nyasi. Mama halimi hapo hata siku moja, kwa hivyo hatumharibii viazi."

Nilimwambia natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni. Nikakaa chooni mpaka mke wake akagonga kuuliza kama niko salama. Nikamwambia ni chapati zake. Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri.

Tangu siku hiyo sili vizuri. Kila nikifumba macho naona Njoroge na sururu, anapiga mluzi vile anapigaga, anachimba kwa haraka akalipwe. Anaweza asione kitu, akaendelea tu na mluzi wake, na baadaye tutie uchafu wetu hapo kila siku. Au aone kitu. Sijui nini kinanitisha zaidi. Karatasi tayari ziko kwa simu yake, na ameambiwa aanze viazi vikishavunwa.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu yako unaiongelesha kwa sauti kubwa juu ya meza, Njoroge yuko hapo anakunywa chai, na jirani anasikia akiwa kwao. Jambo hili si la kupigiwa kelele. Ndiyo maana nimempa barua dada mmoja wa kanisa anayerudi Nakuru. Isome mwenyewe. Hata kama miwani imepotea, usimpe Njoroge akusomee.

Ukitaka Kamau aambiwe, nitamwambia, na nitamwambia vizuri. Ukisema hapana, nitakula chapati na kunyamaza, ila nitafute uongo mwingine wa kulihamisha hilo shimo. Lakini uamuzi ni wako. Ni wewe ulimbeba.

Nisalimie Njoroge, lakini kwa ubaridi. Salimia Nyambura wetu wa mwisho, umwambie aache kuniuzia kuku nikiwa mbali. Salimia mama jirani anayekuletea nyasi za ng'ombe. Na mchungaji umsalimie sana, yule anayeamini mpaka leo kwamba ni mimi niliyetia chumvi kwenye chai yake siku ya harambee. Kina mama wa kanisa walininyima chai mwaka mzima, na wewe ulikuwa unaimba nao sauti ya kwanza umetulia kama malaika.

Kwa sababu ya ile chumvi una deni langu, na sasa nalidai. Vuna viazi polepole, mstari kwa mstari, uumwe mguu katikati. Na leo, kabla hujakunja hii karatasi, chukua yule ndama umfunge pale kwenye nyasi chini ya kayaba. Akimaliza nyasi, mletee nyingine, lakini asitoke hapo. Njoroge akikwambia umwondoe, mwambie mzee amekataa, na mzee anarudi.

Ni mimi,
Baba Kamau